Uzi wa mipira ya matope kwenye pikapu: vipimo, matundu, kutu na sababu za kung'oka

mkulima_Igunga

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujenge uzi mmoja wa kueleweka kuhusu kufunga mipira ya matope, ile inayoning'inia nyuma ya tairi, kwenye pikapu. Nyuzi nyingi zinaishia "mpelekee fundi atakufungia". Masika yakipita, mpira umechanika, plastiki ya ndani ya fenda imelegea na kutu imeshaanza kwenye tundu.

Gari ni Hilux Revo, dabo kebini. Tairi za awali zilikuwa 265/65R17, sasa ina 265/70R17. Inatembea changarawe muda mwingi, na mvua zikianza ni udongo mweusi wa mbuga za Wembere. Nyuma inabeba kilo 600 hadi 800.

Nataka kujua haya: plastiki ya kiwandani au mpira wa kukata? Umbali gani kutoka kwenye tairi na kutoka ardhini? Nitoboe bodi au nisitoboe? Na kwa nini ya nyuma ndiyo hung'oka kwanza?

SpanaKumi

Mkuu, anza na tairi kabla ya kununua mpira. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776, 265/70R17 ina milimita 803. Ina maana upande wa nyuma wa tairi umesogea zaidi ya milimita 13 kuelekea pale mpira unapokaa. Plastiki ya kiwandani imechongwa kwa tairi ya kiwandani. Itafungika, ila nafasi ya katikati imepungua, na kwenye mbuga nafasi hiyo ndiyo kila kitu.

Pima umbali kati ya tairi na mpira pale panapokaribiana zaidi, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kushoto halafu kulia. Usipime tairi zikiwa zimenyooka, hicho kipimo hakikusaidii. Kwa lami na changarawe sentimita 3 zinatosha. Kwa udongo wa mbuga acha 5 au zaidi. Udongo ule haudondoki wenyewe. Unajipaka tabaka juu ya tabaka kati ya tairi na mpira mpaka unakuwa mgumu, kisha tairi inausukuma mpira wote kuelekea nyuma. Hapo bolti haikatiki, kinachopasuka ni plastiki au bati linalozunguka tundu.

Baada ya usukani, pima springi. Weka tairi moja ya mbele juu ya gogo la sentimita 15 au 20 ili upande huo uinuke na springi ijikunje, ukate usukani tena mpaka mwisho, uchungulie. Mipira mingi inayopita mtihani wa gari likiwa sawasawa hufeli hapa.

Kutoka ardhini: sentimita 20, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Wengi hukata kwa 20 likiwa tupu, wakishapakia kilo 700 zile 20 hazipo tena.

Na usiufupishe sana kwa kuogopa kuchanika. Jiwe huiacha tairi likienda kwa mstari ulionyooka unaogusa duara la tairi pale lilipochomoka. Kwa tairi yako ya 803, mpira ukiwa sentimita 48 nyuma ya kitovu cha ekseli na ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 20 juu ya ardhi, mawe yote yanayoruka kwa pembe inayozidi kama digrii 28 yanagonga mpira. Ukiupandisha ukingo mpaka sentimita 30, yanayoruka kuanzia digrii 28 hadi kama 43 yote yanapita chini yake. Hayo ndiyo yanayokula rangi ya chini ya mlango na ule mkunjo wa bati ulio chini ya milango. Sentimita 10 ni kitu kikubwa sana hapa.

BintiGereji

Kwa swali la aina ya mpira, naomba niwe wazi: kwa matumizi ya mkuu Igunga, ile plastiki ngumu ya kiwandani ifunge mbele tu, na nyuma uweke mpira.

Plastiki ya kiwandani ina faida mbili. Inafuata umbo la fenda, na inatumia matundu yaliyokwisha kutobolewa, kwa hiyo mbele hutoboi chochote. Ubaya wake ni kwamba haijikunji. Ikigonga kichuguu au ukingo wa barabara, inavunjika au inang'oa na plastiki ya ndani ya fenda.

Kwa mpira wa kukata, tafuta karatasi ya mpira yenye unene wa milimita 4 au 5, iliyo na kitambaa ndani. Kitambaa ndicho kinachozuia tundu la bolti lisigeuke mpasuko. Mpira usio na kitambaa unachanika kuanzia kwenye bolti kwenda chini, kila mara njia ile ile.

Mkanda wa konveya kutoka migodini unauzwa sana mitaani na ni imara kweli, lakini angalia uzito. Kipande cha sentimita 30 kwa 45 chenye unene wa milimita 10 kinafika kilo moja na nusu. Cha milimita 4 hakifiki robo tatu ya kilo. Uzito huo ukirukaruka kwenye matuta ya changarawe siku nzima, bati jembamba la bodi linachoka kuzunguka tundu mpaka linapasuka. Konveya waachie wenye malori, kwao mpira unafungwa kwenye chuma kinene.

Mpira unaokatwa kwenye tairi kuukuu usiutumie kabisa. Ndani una nyaya. Ukikata, nyaya zinatokeza kwenye ukingo, zinashika kutu, na siku mpira ukikunjwa kugusa tairi zinaanza kuikwangua.

Upana: tairi yako ni milimita 265. Kata sentimita 30 ili mpira uzidi kidogo kila upande.

Mpigapicha_wa_Njia

Ahsanteni wakuu. Je, gundi ya karatasi ya pande mbili haiwezi kuchukua nafasi ya bolti? Naona kuna seti zinauzwa na gundi yake.

SpanaKumi

Gundi ile kazi yake ni kuubana ukingo wa plastiki kwenye rangi ili usipige kelele wala kuingiza mchanga. Kubeba uzito haiwezi. Inashika vizuri kwa nguvu iliyosambaa eneo lote, lakini mpira wa matope unavutwa kutoka chini, kwa hiyo gundi inabanduliwa kuanzia ukingo mmoja. Ongeza jua la mchana kwenye fenda na vumbi laini, haifiki mbali. Itumie pamoja na skrubu, usiitumie peke yake.

Fundi_Msasa

Nizungumzie matundu na kutu, maana hapa ndipo magari mengi yanaharibiwa na mtu mwenye nia njema na drili mkononi.

Kabla ya kutoboa, ingiza mkono nyuma ya pale unapotaka kutoboa. Kama mkono haufiki, fungua plastiki ya ndani ya fenda uangalie kwa tochi. Mbele kuna waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia breki zisifunge tairi) na hosi ya breki vinavyotoka kwenye ekseli kupanda juu. Kwenye gari nyingi tangi la maji ya waipa nalo liko ndani ya fenda mojawapo. Nyuma, upande wenye mfuniko wa mafuta, kuna bomba la kujazia linaloshuka karibu kabisa na upinde wa tairi. Zungushia biti utepe kwa milimita 10 kutoka nchani, ujue pa kusimamia.

Gonga alama kwa senta panchi ili biti isiteleze juu ya rangi. Toboa kwanza na biti ya milimita 3, kisha 6.5 kwa bolti ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6. Usikimbilie 8 eti iingie kwa urahisi, bolti ikicheza ndani ya tundu itakula bati.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, na wengi wanaruka hatua hii. Safisha ukingo wa tundu kwa tupa ndogo ya duara, pande zote mbili, mpaka kidole hakikwaruzwi. Ondoa unga wote wa chuma kwa brashi na sumaku, kwa sababu unga ule ukibaki juu ya rangi unashika kutu siku ya kwanza ya mvua na kuacha madoa. Futa kwa thina. Paka praima ya zinki kwenye ukingo wa tundu, nje na ndani, iache ikauke. Paka rangi, ikauke tena. Wakati wa kufunga weka grisi kidogo kwenye bolti pale inapopita kwenye bati. Tundu lililotobolewa na kufungwa papo hapo bila rangi linaanza kutu chini ya washa, mahali usipopaona. Utaiona pale tu rangi itakapovimba.

Skrubu za kujitoboa zenyewe, zile za kufungia mabati, zinafaa mahali pa plastiki kwa plastiki tu. Kwenye bati la gari meno yake yanashika bati la unene usiofika milimita moja. Mtikisiko unazilegeza, unazikaza, zinalegea tena, mwisho tundu limekuwa kubwa na skrubu inazunguka bure.

Mahali usipofikia kwa nyuma kushika nati, tumia ribiti nati. Ya M6 inataka tundu la milimita 9, ya M5 milimita 7. Unaiingiza, unaivuta kwa koleo lake inavimba kwa nyuma, na unapata meno ya kudumu. Hakikisha tundu ni la duara kamili. Likiwa yai, ribiti nati itazunguka siku unapotaka kufungua.

Mpwani

Salamu kutoka Mombasa. Naongezea kwa walio karibu na bahari, maana chumvi ina hesabu zake.

Bolti za stenlesi ni nzuri na nazipendekeza, lakini angalia unazikalisha juu ya nini. Watu hupenda kubana mpira kwa ubao mwembamba wa alumini kwa sababu ni rahisi kukata na haushiki kutu nyekundu. Alumini pamoja na stenlesi na maji ya chumvi, hapo alumini ndiyo inaliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka tundu, kisha tundu linapanuka. Tumia flati bari, yaani kipande kirefu bapa, ya chuma iliyopakwa zinki na rangi, au ya stenlesi kama bolti zenyewe. Ukilazimika kutumia alumini, weka washa ya nailoni au kipande cha mpira kati ya metali hizo mbili.

Na msipeleke gari ufukweni kuvulia samaki halafu mkaosha juu tu. Nyuma ya mpira wa matope ndipo mchanga wa chumvi unapolala.

BintiGereji

Mpwani umesema jambo la maana sana, hiyo flati bari haitajwi kabisa kwenye maelekezo mengi. Mpira wa kukata haufai kubanwa na bolti zenye washa peke yake. Weka flati bari ya upana wa milimita 25 na unene wa 3 juu ya mpira, kwa upana wake wote, bolti nne zipite bari, mpira, kisha bodi. Mpira unabanwa kwa mstari mzima badala ya nukta nne. Upande wa ndani wa bati weka washa pana, kipenyo cha milimita 25 kwa M6, na nati yenye nailoni ili isijifungue.

Pembe za bari zizungushe kwa tupa. Pembe kali inakata mpira pale unapojikunjia.

mkulima_Igunga

Nashukuru sana wakuu. Nimeamua kama alivyoshauri BintiGereji, mbele plastiki ya kiwandani, nyuma mpira. Naomba hatua za mbele bila kutoboa. Na klipu za plastiki za Toyota zinavunjika kila zikifunguliwa, mnazitoaje?

SpanaKumi

Vifaa kwanza: racheti na boksi namba 10, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa nyembamba, tochi, kitambaa, na klipu mpya sita au nane za akiba. Pima tundu kabla ya kununua klipu. Nyingi ni za milimita 7 au 8, na ya 7 kwenye tundu la 8 itadondoka njiani.

Gari likae mahali pa usawa, hendibreki juu, mawe nyuma ya tairi. Kwa mbele huhitaji jeki. Kata usukani upande ule unaoifungua nafasi ya nyuma ya tairi. Ukifanya upande wa kulia, kata kulia, ukingo wa nyuma wa tairi unaingia ndani na unapata nafasi ya mkono na bisibisi. Ukiona lazima uingie chini, hapo weka jeki stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Osha ndani ya fenda siku moja kabla, pakauke. Ukifungua skrubu zenye tope, tope linaingia kwenye meno na utayaua wakati wa kurudisha.

Klipu ina vipande viwili. Kipini cha katikati kiinue kwanza kwa bisibisi bapa, milimita 5 hivi, kisiendelee. Baada ya hapo chomoa klipu nzima kwa kuiinua kutoka chini ya kofia yake. Inayovunjika ni ile inayovutwa nzima wakati kipini bado kiko ndani, maana miguu yake bado imetanuka. Ikiwa tope limeigandisha, mwagia maji na uitikise kwanza. Kurudisha: klipu iingie kipini kikiwa juu, kisha sukuma kipini mpaka kiwe sawa na kofia.

Angalia herufi nyuma ya plastiki mpya. FR ni mbele, RR ni nyuma, LH kushoto, RH kulia. Kushoto na kulia ni kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akiangalia mbele. Simama mbele ya gari uone jinsi ilivyo rahisi kuzigeuza.

Rudisha bolti zote kwa mkono kwanza, raundi mbili tatu kila moja, kisha sogeza plastiki mpaka ifuate mkunjo wa fenda. Ndipo ukaze. Ukiikaza bolti ya kwanza mpaka mwisho, ya nne haitapata tundu lake, na ukiilazimisha inaingia kwa mshazari na kuharibu meno. Kukaza: washa ikianza kuibonyeza plastiki, simama. Bolti ya M6 kwenye chuma kwa chuma inachukua kama niutoni mita 10, ila kwenye plastiki nusu ya hapo inatosha. Plastiki iliyobanwa kupita kiasi inapasuka baadaye juani, siku hiyo hiyo hutaona kitu.

Kwenye gari nyingi nati ni ya klipu, kile kibati cha U kilichochomekwa kwenye ukingo. Bolti ikikataa kushika, usidhani meno yameisha, angalia kwanza kama kile kibati kimeteleza. Kisukume kirudi mahali pake.

Kokoto

Nyuma naomba nichukue mimi. Swali la mkuu kwa nini ya nyuma hung'oka kwanza lina jibu moja kubwa: kurudi rivasi. Ukienda mbele, kitu chochote kinachogusa mpira kinausukuma nyuma, unajikunja, unarudi. Ukirudi rivasi kwenye tuta, gogo au ukingo, mpira unakwama kati ya tairi na kile kitu, tairi inaukanyaga, halafu inazunguka nao. Hakuna bolti ya M6 itakayoshinda uzito wa pikapu yenye mzigo. Kinachoamua ni kipi kitaachia, mpira au bati.

Kwa hiyo panga wewe kitakachoachia. Kwenye mpira wa nyuma, matundu mawili ya pembeni usiyafanye duara, yakate yawe wazi kuelekea juu, kama mdomo wa spana. Ukivutwa kwa nguvu kubwa mpira unachomoka kwenye bolti hizo mbili bila kupasua bodi, na mbili za katikati zinaushika usipotee. Unalegeza, unarudisha, unakaza. Flati bari ya BintiGereji ndiyo inayoushika wakati wote mwingine.

Pia toboa tundu dogo kona ya chini ya nje, uweke mnyororo mwembamba au kamba yenye kulabu. Kabla ya kushuka korongoni au kurudi rivasi kwenye shamba lenye visiki, unaukunja mpira juu unaufunga. Hii ni ya lazima kwa Wembere.

Jambo jingine ni kwamba mpira wa nyuma unavutwa na upepo. Mrefu na mwembamba, ukifika kasi ya barabara kuu unalala kuelekea nyuma na kuacha kufanya kazi. Usiongeze unene kuudhibiti. Weka bari ya pili nyembamba upande wa nyuma kwa theluthi ya juu, au kata mianya mitatu minne ya wima, milimita 10 kwa 80, upepo upite. Maji na mawe mengi bado yatagonga.

Wenye Land Cruiser 79 ya V8 wasinakili vipimo vya mbele kupeleka nyuma. Ekseli ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95, kila tairi ya nyuma imeingia ndani kama milimita 47. Mpira ukifungwa sambamba na ule wa mbele, ukingo wa ndani wa tairi unabaki wazi unarusha tope kwenye tangi na springi.

Mpigapicha_wa_Njia

Mkuu Kokoto, hapo kwenye kupima, unachoraje ili kushoto na kulia zifanane?

Kokoto

Chukua boksi gumu, si gazeti. Likate kwa umbo, lishike kwenye upinde wa tairi kwa utepe, weka alama za matundu kutoka upande wa ndani. Jaribu boksi lenyewe kwa mtihani wa gogo aliousema SpanaKumi kabla hujakata mpira. Ukiridhika, chora mpira wa kwanza, kisha geuza boksi upande wa pili uchore mpira wa pili. Usipogeuza utapata mipira miwili ya kushoto. Kama mpira una upande wenye mistari na upande laini, laini iangalie tairi, tope linatoka kwa urahisi zaidi.

Kata kwa kisu kikali kilicholowekwa maji ya sabuni, ukifuata rula ya chuma. Matundu ya mpira usiyatoboe kwa drili ya kawaida, biti inavuta kitambaa na kuacha nyuzi. Tumia panchi ya kugonga, ile ya washona viatu, kipenyo cha milimita 6.

Fundi_Msasa

Kwa wenye bodi za kuchomelea mtaani, flati bodi za mbao au za chuma, wengi huomba kutobolewa chesisi. Usitoboe mkunjo wa juu wala wa chini wa chesisi. Hapo ndipo nguvu za kupinda zinapobebwa, na tundu jipya linakuwa mwanzo wa ufa, hasa nyuma ya kebini na juu ya shikio la springi. Usichomelee kipande pia. Joto linabadilisha chuma na ufa unaanzia pembeni ya weldi. Fungia kwenye boriti za bodi lenyewe, au tumia yuboliti (bolti ya umbo la U) inayozunguka chesisi ikiwa na kipande cha mpira katikati isikwangue rangi.

Ukichomelea bodi lenyewe, ondoa waya hasi wa betri kwanza, na kibano cha ardhi cha mashine kiweke karibu na pale unapochomelea, si upande wa pili wa gari. Umeme usipewe sababu ya kupita kwenye kompyuta ya injini.

mkulima_Igunga

Ahsanteni sana. Plastiki za mbele zimekaa bila kutoboa, na mipira ya nyuma ina flati bari na matundu ya wazi. Mbele kulia, usukani ukikatwa mpaka mwisho kushoto, tairi inagusa kona ya chini ya plastiki, kidogo tu, inatoa sauti ya kusugua. Upande wa kushoto haigusi. Nikate plastiki?

SpanaKumi

Usikate bado. Upande mmoja ukigusa na mwingine usiguse, kwanza angalia kama plastiki imekaa sawa. Legeza bolti zote za kulia, ivute kuelekea nyuma, kaza kuanzia ya juu. Matundu yana ulegevu wa milimita 2 au 3 na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Ikiendelea kugusa, pima umbali wa tairi na fenda pande zote mbili, usukani ukiwa katikati. Ukikuta kulia tairi imekaa nyuma zaidi kuliko kushoto kwa zaidi ya milimita 5, kapime alaimenti, pengine bushi za mkono wa chini zimechoka au bolti zake za kurekebishia zimesogea. Plastiki imekuonyesha tatizo la gari.

Ikiwa pande zote ziko sawa, basi ni zile milimita 13 za tairi kubwa. Paka chaki kwenye tairi, kata usukani, chaki itakuonyesha pa kuondoa. Kata kwa mkunjo wa duara, usiache pembe kali kwa sababu ufa utaanzia hapo, na ondoa sentimita moja zaidi ya alama ya chaki.

BintiGereji

Na mkuu, baada ya kilomita 200 hivi za kwanza za changarawe rudia kukaza bolti za nyuma. Mpira mpya unabonyea chini ya bari, na nati ya nailoni haijifungui lakini mbano wenyewe unapungua. Mara hiyo moja inatosha. Ukipita mbuga, chukua kijiti usukume udongo ulioko kati ya tairi na mpira jioni ile ile, ukiwa bado mbichi. Ukikauka usiku kucha utahitaji nyundo, na nyundo karibu na hosi ya breki haifai.